Msiwazuie watu kuinuka kutunza: taarabu bila mtunzaji ni nusu ya wimbo

mpigafidla (Unguja), mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni tangu harusi tuliyopiga mwezi uliopita. Naomba tulijadili kwa utulivu, maana naona linaenea.

Mimi napiga fidla katika kikundi cha taarabu asilia hapa Unguja. Harusi ilikuwa kubwa, ukumbi umepambwa, kamera kila kona. Kabla hatujapanda, mshereheshaji akatangaza kwamba nyimbo zikianza mtu yeyote asisogee mbele, kwa sababu wapiga video wanataka jukwaa liwe wazi. Anayetaka kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha wimbo ukiendelea, atume kwa simu, namba iko kwenye skrini. Tukapiga. Watu wakakaa kwenye viti vyao mpaka mwisho wa kila wimbo, wakapiga makofi, wakarudi kwenye sahani zao. Fedha ziliingia, sikatai, na nasikia zilizidi za siku nyingine. Lakini mwimbaji wetu, mama aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa, aliposhuka aliniambia maneno matatu tu: "Nimeimba peke yangu."

Kwa ambao hawajawahi kukaa kwenye taarabu ya kwetu, nieleze kinachotokea. Mwimbaji hachezi. Anasimama au anakaa, mikono imetulia, uso ameuelekeza mbele, hata kama maneno anayoimba yanaunguza. Wanaocheza ni waliokuja. Mwanamke anainuka, noti ameishika juu, anakuja pole pole kwa mwendo wa dumbak, ile ngoma ndogo ya mkono, na shoga zake wawili watatu nyuma, sare moja, vikuba vya maua kifuani. Akifika mbele hatoi hapo hapo. Anasubiri mstari wake. Anayumba pale akiusubiri, na ukifika ndipo anapoiweka noti mkononi mwa mwimbaji, kisha pengine anageuka kidogo, akatazama upande fulani wa ukumbi. Waliopo wanajua anamtazama nani. Wasiojua watakesha wakiulizana.

Na nyimbo zimetungwa hivyo kwa makusudi. Mshairi ataandika mapenzi, wivu, jirani mwenye jicho baya, wala hamtaji mtu. Anaacha fumbo wazi. Mwimbaji analitia sauti, naye hamtaji mtu. Anayekuja kusema wimbo huu usiku huu unamhusu nani ni yule aliyeinuka kitini. Kwa hiyo mnapomwambia akae atume kwa simu, mmemziba mdomo, maana ile noti ilikuwa kauli yake.

Niwaambie na ninachokiona mimi. Safu ya fidla iko nyuma ya mwimbaji, kwa hiyo uso wake siuoni, nauona ukumbi. Kiongozi wetu kila kiitikio kinapokaribia kwisha hutupa jicho mbele. Akiona foleni ya wanaotunza bado, anainua kidole kimoja cha mkono ulioshika upinde, nasi tunarudia. Ubeti mmoja unaweza kurudiwa mara tatu, mara nne. Wimbo wa dakika nane unakwenda robo saa, na hakuna karatasi ya muziki iliyoandika hivyo. Foleni ikiisha, watu wakipoa, tunafunga. Urefu wa wimbo wanauamua wao, usiku ule ule. Kwenye ile harusi kila wimbo uliisha pale ulipoandikwa kuisha. Nyimbo tulizozipiga miaka na miaka zilinionekea fupi.

Hili ni la tangu zamani. Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu ya hapa Unguja, ilipoanzishwa mwaka 1905, waliosikiliza na waliopiga walikuwa wanachama wa klabu moja, watu wanaojuana kwa majina ya baba zao. Halafu akaja mwimbaji Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyezaliwa karibu na mwaka 1880. Alialikwa kwa masultani na matajiri wa Mji Mkongwe, lakini nyimbo zake zilipikwa nyumbani kwake Ng'ambo. Jioni wenzake walikutana hapo, Subeit bin Ambar na udi wake wa nyuzi, Maalim Shaaban, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo, na majirani wakajaa mlangoni. Waliokuja ndio waliokuja na habari: nani kaonewa mahakamani, nani kala fedha za watu, nani kamfanyia nini mwanamke wa watu. Habari zikajadiliwa, zikatungwa, zikaimbwa mbele ya wale wale waliozileta. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, alichokwenda nacho ni mazungumzo ya mtaa wake. Ndiyo maana sahani zile ziligombewa pwani nzima. Watu walijisikia wenyewe ndani yake.

Naomba maoni yenu. Hasa nyinyi mnaoandaa shughuli.

kijana_wa_temeke (Dar es Salaam)

Mkuu uzi wako nimeusoma wote na nakuheshimu, lakini acha nami niseme yangu. Mimi naandaa shughuli. Nimeshuhudia kutunza kukigeuka fujo. Kundi hili linatunza, kundi lile linainuka kujibu, wanakutana mbele ya jukwaa, bega linagusa bega, kanga inavutwa. Shughuli ya watu inaharibika na lawama zinakuja kwangu, si kwa mshairi aliyeacha fumbo wazi.

Wazee wetu wa Temeke wanatusimulia miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano. Khadija Kopa yuko huku, Nasma Khamis yuko kule, na mji umegawanyika. Ulikuwa unaingia ukumbini umeshachagua upande. Walikuwa na sarakasi, maigizo, ngoma, lakini watu walisubiri taarabu wasikie leo nani kamjibu nani. Yalikuwa matamu, sawa. Ila wale walikuwa na ukumbi wao na watu wao wa ulinzi. Mimi nina ukumbi wa kukodi na bi harusi anayetaka siku yake ipite salama.

Halafu kuna jambo la mwimbaji mwenyewe. Anapokea noti, anazipanga mkononi, ubeti anaumeza. Nyuma waitikiaji wanaziba pengo. Mtu aliyekuja kusikia ushairi anasikia nini hapo?

Simu imetuletea nidhamu. Sioni ubaya wake.

mwana_kibokoni (Mombasa)

Assalaam aleikum nyote. Mpigafidla, umenigusa ndugu yangu, kwani huku kwetu taarabu ni harusi na harusi ni taarabu, hatuna mlango mwengine wa kuingilia.

Nitakwambia kitu ambacho vijana hawakijui. Wengi wetu tulimjua Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa Mombasa, kwa kaseti, na zile kaseti nyingi zilirekodiwa pale pale harusini kisha zikauzwa madukani, Mbwana Radio Service na kwengineko. Hazikutengenezwa studio watu wakiwa kimya. Ukiisikiliza wamsikia Bhalo, wasikia na watu. Ubeti ukifika pazuri watu hulipuka, mtu humwita kwa jina, vigelegele hupanda kutoka upande wa wanawake, naye hurudi juu ya ule ubeti kwa sauti nyengine kabisa, sauti ambayo hangeitoa kama wangalinyamaza. Mimi niliihifadhi nyimbo moja kwa kaseti mbili, harusi mbili tafauti, na ni nyimbo mbili. Maneno ni yale yale. Kwenye moja ukumbi umelala, naye ameimba vyema, amemaliza. Kwenye nyengine kuna mzee mmoja yuwasikika karibu na kinasa sauti, kila mshororo ukiisha yuwasema "rudia baba, rudia", na Bhalo yuwamrudia. Nimeisikiliza hadi utepe ukaanza kulia.

Na tusisahau mshairi. Mashairi mengi ya Bhalo yalitungwa na Ahmad Nassir, na watu wa Mvita walilijua hilo. Walikuwa wakimtuza mwimbaji huku wamwambia mtungaji kwamba wamemfahamu. Hadhira ile ilikuwa na elimu ya ushairi. Mizani ikivunjika wangeijua. Ni wasikizaji gani leo utawakosesha mizani wakakutizama?

Kijana wa Temeke, hiyo hoja yako ya mwimbaji kumeza ubeti nakuunga mkono. Zamani palikuwa na mtu wa kupokea. Mwimbaji hakushughulika na mapesa.

ndugu_mnasihi (Pemba)

Sina nia ya kuharibu mjadala. Lakini muiangalie na israfu iliyomo. Mtu ana mkopo dukani, watoto wanadaiwa michango ya shule, anakwenda kumwaga noti kwa sababu tu mpinzani wake kamwaga. Na mengi ya hayo mafumbo mnayoyasifu ni kusutana na kusengenyana mbele za watu. Kama simu inaondoa hilo, iachwe ifanye kazi yake.

mpigafidla (Unguja), mwanzisha uzi

Nawashukuru wote. Nijibu kwa mpango.

Ndugu mnasihi, nakubaliana nawe kuhusu mtu anayetoa asichonacho. Huyo anahitaji kushikwa mkono na jamaa zake. Ila tazama pia wanaotunza noti ndogo kabisa. Nawaona kila wiki. Mama muuza vitumbua anatoa noti moja, tena iliyochakaa, na anapewa ubeti wake sawa na mke wa tajiri, kwa sababu ukumbini hakuna anayehesabu kitu wakati ule, watu wanaangalia umeinuka kwenye mstari gani. Ukihamishia kwenye simu, skrini inaonyesha kiasi. Hapo ndipo mashindano ya fedha yanapoanza hasa. Kwenye ile harusi majina na viwango vilikuwa vinapita juu ya vichwa vyetu tukiwa tunapiga. Niliona mtu katuma laki moja katikati ya wimbo wa msiba wa mapenzi, mstari wowote tu, kwa sababu simu haina mstari.

Kuhusu kusutana: ndiyo, kumo. Wanawake wa Unguja walikuwa na vikundi vyao kabla ya Mapinduzi, wakajiita Royal Navy, wakajiita Royal Air Force, wakajibizana kwa nyimbo mji mzima ukasikia. Sisemi kila neno lilikuwa la heri. Lakini mwanamke aliyedhulumiwa na asiyekuwa na kadhi wa kumsikiliza wala ndugu wa kumsemea, alikuwa na mahali pa kusema mbele ya ushahidi wa watu bila kutukana, bila kutaja jina, na bila kupelekwa polisi. Anainuka, anatoa, anarudi kukaa. Kesho aliyemdhulumu anajua kwamba mtaa unajua. Mkimnyang'anya hapo, mtampa wapi?

Siti mwenyewe alichekwa kwa nyimbo. Walimkejeli kwa umaskini wake na kwa kutoka shamba. Hakwenda kwa mkubwa yeyote kushitaki. Aliwajibu kwa wimbo, na waliomwamulia ni waliosikiliza.

Kijana wa Temeke, hoja ya fujo ni ya kweli, na ndiyo maana nataka tuizungumze kama watu wa kazi. Suluhisho la foleni mbaya ni kuipanga foleni.

msomaji_wa_bukavu (Bukavu)

Jambo wandugu. Nafuata hii mazungumzo kutoka Kongo na ninaona kitu ambayo sisi tulishapita.

Kwetu muziki wa Kinshasa, watu wenye pesa walianza kulipa ili majina yao yatajwe ndani ya wimbo. Mwanzo ilikuwa ni heshima, mwanamuziki anasalimia rafiki aliyemsaidia. Baadaye ikakuwa bei. Album moja unasikia majina na majina, wafanyabiashara, wanasiasa, mtu wa Paris, mtu wa Brussels, mpaka hadisi ya wimbo yenyewe inapotea katikati. Mwanamuziki alikuwa na shida ya kweli: kaseti zinaibwa, haki za mtunzi hazilipwi, orkestre ni watu wengi wenye njaa. Jina likakuwa mshahara. Simlaumu.

Lakini kuna tofauti kubwa na ile munaeleza ya Zanzibar. Ule anayetunza kwenu anapokea jibu pale pale, mbele ya watu, na kesho wimbo unabaki wazi kwa mtu mwingine. Ule anayelipa jina kwetu amefunga wimbo. Mimi ninausikiliza miaka makumi mbili nyuma na bado ninasikia jina la tajiri ambaye siku hizi hata nyumba hana. Mashabiki wa kawaida, wale wanacheza barabarani, hawana nafasi ndani yake.

kijana_wa_temeke (Dar es Salaam)

Ndugu wa Bukavu umenikumbusha mapedeshee, wale wenye fedha waliotajwa majina na bendi zetu za dansi miaka ya 2000. Twanga Pepeta, FM Academia, ulikuwa unajua nani yuko ukumbini kwa kusikiliza tu mwimbaji anataja nani. Nikiwa mdogo nilidhani ni wanamuziki wenzao.

Nakubali kwamba hizo ni habari mbili. Na hili la skrini kuonyesha kiasi sikuwa nimelifikiria kwa upande huo. Nalitafakari.

sauti_ya_mbagala (Dar es Salaam)

Mimi ni msanii wa Bongo Fleva, sina jina kubwa, napanda kwenye shoo za wilayani. Naomba nisikike kwa niaba ya tunaoimba kwa pleibeki, juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa, maana naona tunaelekea kulaumiwa.

Bendi ya laivu ni gharama. Wapigaji watano, usafiri, chakula, mazoezi, na mwandaaji anataka nije na flashi tu. Mkinipa bendi naipokea kesho asubuhi. Ila nikiri kitu ambacho mpigafidla kakieleza bila kukitaja: pleibeki haisikilizi. Wimbo wangu una dakika tatu na nusu. Kuna shoo moja watu walishika kiitikio wenyewe, uwanja mzima, simu juu, wakaimba wao mimi nikanyamaza. Nilitaka wabaki pale pale. Mashine ikaenda ubeti wa pili. Nikalazimika kuwakatisha watu mia kadhaa walio katikati ya raha yao ili nisipitwe na ala ambayo haina mtu. Sasa hivi namwambia dijei wangu akae na kidole juu ya kitufe na anitazame mimi, asitazame simu yake. Nikimpa ishara anakata mziki, watu wanaimba bila ala, nikishuka mkono anarudisha. Si sawa na kidole cha kiongozi wenu, lakini ndicho nilichonacho.

Hoja nyingine. Mashabiki wetu wako kwenye simu kabla na baada ya shoo. Wananiandikia usiku wa manane wimbo umewafikisha wapi. Wengine wananitukana pia, matusi ambayo hakuna mtu angeweza kunitamkia akiwa amesimama mbele yangu na noti mkononi. Kwenye simu wako wengi, lakini siwaoni wanakaa upande gani wa ukumbi.

mwana_kibokoni (Mombasa)

Sauti ya Mbagala, hiyo ya dijei kukutizama wewe ni kazi ya msanii wa kweli. Endelea nayo. Hadhira yako ikizoea kwamba yaweza kukusimamisha, itakuja na mengine.

dada_wa_kiitikio (Unguja)

Nimesoma kimya tangu juzi. Mimi ni mwimbaji. Si yule mama aliyetajwa hapo juu, lakini tunajuana.

Nataka niseme upande wetu, kwa sababu kila mtu anamzungumza mwimbaji kama mti uliosimama tu pale jukwaani. Ule uso mnaouona umetulia ni kazi. Nilifundishwa na wakubwa zangu kuchagua kitu ukutani mwisho wa ukumbi, taa au saa, na kukikazia macho mstari wa hatari ukifika. Nikimtazama mtu yeyote pale, hata kwa bahati mbaya, nimemtaja. Kesho nitakutana naye Darajani na mwanawe mkononi.

Kuna usiku waliinuka wake wenza wawili, kila mmoja na kundi lake, wakafika mbele kwa mstari mmoja. Ukumbi ulikata pumzi. Wa kwanza alitoa, nikapokea, nikaendelea na saa yangu ya ukutani. Kiongozi akarudia ubeti bila kuulizwa. Wa pili naye akapata mstari ule ule mzima, kwa sauti ile ile, sikupandisha wala sikushusha. Halafu kiongozi akatuingiza ubeti wa nne upesi, kabla kundi lolote halijapata la kuongeza. Wakarudi viti vyao kila mmoja kashinda. Baadaye wote wawili walinishukuru, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akaniambia nilimwimbia yeye. Nami niliwaitikia. Si kazi yangu kuwaambia vingine.

Hiyo ndiyo amana niliyopewa na watu. Wananiachia maneno ambayo hawawezi kuyasema wenyewe, na wananiamini sitayafungua. Siku ile ninapopiga kwenye ukumbi ulioambiwa ukae, najua sauti nzuri ninazozitoa zinapita juu ya watu. Hata sauti inabadilika. Unapoimba mstari ukaona mtu safu ya tano kaanza kusogeza kiti nyuma, unauvuta ule mstari, unamngojea afike. Usipoona anayesogea, unavuta kwa ajili ya nani?

Nimepiga pia Ngome Kongwe kwenye tamasha la Sauti za Busara, ambalo lipo tangu 2004, na wageni wengi pale hawajui neno hata moja la Kiswahili. Sitawadharau. Wanasikiliza kwa adabu kubwa, na wengine machozi yanawatoka kwa fidla tu. Lakini katikati yao huwa wapo mama zetu wachache waliopata nafasi, na akiinuka mmoja tu akaja na noti yake, wageni wanageuka wote kumtazama, na mimi naanza kuimba.

Kuhusu fedha, maana watu wanatuuliza sana. Kwenye kikundi chetu mwimbaji hapangi noti mkononi. Pembeni yangu anakaa kijana na kikapu cha ukindu, ninapokea kwa mkono wa kulia, namshushia. Mwisho wa usiku zinamwagwa juu ya meza mbele ya kila mtu. Kuna fungu la mwimbaji, fungu la wapigaji, na fungu la vyombo. Ganuni, kile chombo cha nyuzi kinachopigwa kikiwa kimelazwa, peke yake ina nyuzi zaidi ya 70, na zinakatika, na hazipatikani dukani hapa kila siku. Watu wakijua noti yao imekwenda kwenye uzi wa ganuni wanafurahi zaidi kuliko mnavyodhani.

Kijana wa Temeke, nakuomba ulifikirie hilo la kikapu. Litakuondolea lile la ubeti kumezwa.

kijana_wa_temeke (Dar es Salaam)

Shikamoo dada. Nimekuelewa vizuri. Nina shughuli mbili mwisho wa mwezi huu, moja ni ya taarabu. Nitaacha nafasi mbele ya jukwaa na nitamwambia mpiga video akae pembeni, kamera iwe juu ya kinyanyuo. Watu wapande kwa kulia na warudi kwa kushoto ili wasikutane uso kwa uso. Mpigafidla, nafasi ya upana gani inatosha?

mpigafidla (Unguja), mwanzisha uzi

Dada, asante. Nashukuru umesema lile la saa ya ukutani, mimi nisingelijua kutoka kule nyuma.

Kijana wa Temeke, hatua tano au sita kutoka ukingo wa jukwaa mpaka meza ya kwanza zinatosha, watu wanne waweze kusimama bega kwa bega wakisubiri mstari. Meza za mbele wape wazee na ndugu wa karibu, wao ndio wanaoinuka kwanza na wengine huwafuata. Jukwaa lisiwe refu. Likizidi usawa wa kiuno, mtunzaji anabaki kunyoosha mkono juu kama anayeomba, na mwimbaji anainama, wote wawili wanaharibika. Kulia na kushoto ulivyosema ni sawa kabisa. Muweke na mama mmoja mtu mzima pale chini, anayeheshimika na pande zote. Hahitaji kufanya kitu, akionekana inatosha. Namba ya simu iweke kwenye kadi ya meza kwa asiyeweza kuinuka, mgonjwa au mjamzito, ila majina na viwango visipite kwenye skrini.

Nasi kwenye kikundi tumekubaliana kuanzia sasa kwamba kabla ya kupokea kazi tunauliza: je, watu wataruhusiwa kuja mbele? Wakisema hapana, tunawaeleza haya yote kwa upole. Wakishikilia, tunawapigia bashraf, muziki wa vyombo vitupu, na nyimbo chache, hatuwatolei zile za mafumbo.

Kuna mtu ameniuliza kwa ujumbe wa faragha aanzie wapi, hajawahi kuhudhuria. Njoo mapema. Bashraf ya kufungua haitunzwi, haina maneno, kaa usikilize vyombo vinavyoongea. Nyimbo mbili za mwanzo watazame wenyeji wanavyokwenda. Chukua noti ndogo ndogo usije na moja kubwa, maana hujui mistari mingapi itakuwa yako. Ukisikia mmoja, usimngojee jirani yako. Inuka.